Mchele Mzima

Damaris Komora alikuwa amejitia hamnazo kwa miaka mitano, na kazi hiyo aliimudu kuliko zote alizoajiriwa kufanya. Mwambie apike chapati, ataziunguza. Mpe sindano, atajidunga. Watoto wa nyumba wakimletea kikapu kilichofumuka ukingo, anakigeuza huku na huku, anasema "mafi maalum", yaani mie sijui, kisha anawarudishia vilevile kilivyokuja. Madam Nuf, mwajiri wake pale Riyadh, alishazoea kuwaambia wageni, "Damaris wangu ni msafi, haibi, ana adabu, lakini maskini hajui kitu." Damaris alikuwa akiyasikia hayo huku anapanga vikombe, uso mkavu, na moyoni anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Msije mkadhani ni uvivu. Hiyo ni elimu aliyoipata Jeddah siku za kwanza kabisa, kabla hajapelekwa Riyadh, katika duka moja la mtaa wa Ghulail wanakouza unga wa ugali. Humo alikutana na Risper, Mkenya mwenzake mwenye miaka mingi kazini, na Risper alimtazama mara moja tu akajua kwamba huyu ndio kwanza ametua.

"Wewe mgeni, nisikize," Risper alimwambia. "Ukifika kwa kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini, usijue kitu. Kufua unajua, kufagia unajua, kupiga pasi unajua. Hapo weka ukuta. Mimi nilijipeleka na kiherehere changu nikapika sambusa siku moja ya Ramadhani. Mwaka wa tatu huu nazikunja! Kila nikitaja kwenda nyumbani, madam analia machozi kabisa. Asiyejua kitu anaachiwa aende, kwa maana wa mfano wake wanashuka uwanja wa ndege kila siku."

Damaris aliyameza maneno hayo yote, na yalimfaa. Mkataba ulipokaribia kwisha, alimwomba Madam Nuf ruhusa ya kurudi nyumbani moja kwa moja, na madam hakuvuta hata pumzi. Alikubali. Tiketi ikakatwa ya Jumatano. Kilichobaki ni viza ya kutoka nchini tu, ambayo madam alipaswa kuibonyeza kwenye simu yake mwenyewe, na alisema ataibonyeza sherehe ya kazini kwake ikishapita Jumamosi. Bila viza hiyo tiketi ni karatasi tu.

Na Damaris ilimpasa aende, si suala la kutamani. Kwao ni Ngao, kwenye delta ya Mto Tana, na mama yake Rahel alikuwa anapoteza macho. Jicho moja lilishafungika, la pili linaingia ukungu. "Njoo ningali nakuona," mama alimwambia kwa simu, na tangu siku ile Damaris alikuwa akihesabu siku kwa vidole.

Basi hapo ndipo alipokuja Bi Joy.

Bi Joy alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka sabini na mmoja, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alitoka pwani ya Carolina Kusini, katika jamii inayoitwa Wagullah-Geechee. Wazee wao walichukuliwa Afrika, wengi wao upande wa magharibi, wakauzwa huko kulima mpunga kwenye vinamasi. Shamba walikoteseka wazee wake sasa ni hifadhi ya ndege na majani marefu, na yeye ndiye anayewatembeza wageni na kuwasimulia. Madam Nuf naye alikuwa afisa wa hifadhi ya maji na matete iliyo bondeni kusini ya Riyadh, ndani yake mkiwa na shamba kuukuu. Walijuana mkutanoni, wakapendana, na madam akamwalika aje kufundisha katika ufunguzi wa sehemu hiyo ya shamba, ndiyo ile sherehe ya Jumamosi. Akampa chumba cha wageni nyumbani kwake.

Alhamisi walikwenda wote kufanya majaribio. Reuben, dereva wa nyumba, Mkisii mwenye mdomo usiochoka, ndiye aliyewapeleka, na Damaris alikwenda kuwaangalia watoto. Alikuwa hajawahi kufika. Aliposhuka garini na harufu ya tope la maji matamu ikampanda puani, alisimama kama aliyeitwa jina. Yangeyange walikuwa wamejaa kwenye matete. Maji yalikuwa yanapita chini ya njia ya mbao, polepole, rangi ya chai ya rangi. Mbele yake palikuwa na kijaruba cha mpunga ambao watu wa hifadhi waliupanda, umeshavunwa, mabua yamesimama mafupi majini, na mashuke yaliyosalia yamening'inizwa kivulini ndani ya stoo iliyo wazi. Mpunga, Riyadh! Damaris aliwashika watoto mikono akatazama pembeni, asije akatabasamu akaonekana.

Bi Joy aliuona mfereji wa zamani ukikata shamba, umenyooka vizuri. "Huu alichimba nani?" aliuliza.

"Watu walioletwa kutoka Afrika, wakawa watumwa wa shamba hili," alijibu Madam Nuf. Aliona haya kidogo, na haya hiyo ilimpendeza. "Majina yao hatunayo."

Bi Joy aliinama na miaka yake yote, akaweka kiganja kwenye ukingo wa mfereji, akakaa hivyo kwa muda. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akasimama akaeleza atakachofanya Jumamosi. Alisema watu wamezoea kuwasimulia wazee wake kama watu wa nguvu tu, mikono na migongo. Yeye alitaka kuonyesha akili yao. Mpunga hutwangwa ukatoka mchele mzima, punje kwa punje bila kuvunjika, na huo ndio mchele uliouzwa ghali ukawatajirisha mabwana. Aliyetaka kuthibitisha angesogea atazame kwa macho yake.

Hifadhi ilikuwa imechongesha kinu na michi. Uteo wa kupepetea Bi Joy aliubeba mwenyewe mapajani toka Marekani, wa nyasi zilizoviringwa, mzuri ajabu. Akamimina mpunga kinuni, akashika mchi, akaanza.

Lo! Yule mama alijua kutwanga. Damaris alimwona tangu pigo la kwanza. Hakuuponda mpunga. Aliuachia mchi ushuke wenyewe, na ukifika chini anapinda kifundo cha mkono kidogo ili punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe. Ndivyo hasa, ndivyo wanavyofanya Ngao. Lakini alipoupepeta, uteoni zilibaki chenga. Chenga tupu, za kumpa kuku.

Akarudia. Chenga. Akarudia mara ya tatu, jasho linamtoka, na zikatoka chenga ndogo kuliko za mwanzo. Mhandisi mmoja wa hifadhi, kijana nadhifu, alichekacheka na kusema kwamba mashine ingefanya kazi hiyo kwa dakika mbili, na kwamba labda huko zamani walitumia nguvu tu, hayo mengine watu wameongezea chumvi. Bi Joy alikuwa akizitazama chenga zile kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake.

Damaris aliokota punje moja iliyoanguka, akaitia menoni. Ta! Ikapasuka. Mkono wa Bi Joy haukuwa na kosa lolote. Wale vijana wa hifadhi walikuwa wameuanika mpunga juu ya dari siku nne, katika hewa ya Riyadh, hewa inayopasua midomo ya watu sembuse mpunga. Na Bi Joy angejuaje? Kwao pwani kuna ukungu na mvua, shida yao ni kuukausha mpunga usiote kuvu. Hakuna nyanya wa kwao aliyepata sababu ya kujifunza kuurudishia unyevu. Lakini Ngao, kaskazi ikivuma mwezi wa kwanza na mto ukashuka, mpunga hukauka vivi hivi, na Rahel Komora anajua la kufanya.

Damaris aliitema ile punje, akafunga mdomo wake.

Walipokuwa wakirudi, Bi Joy alikaa nyuma karibu naye, chenga amezifunga kwenye leso. Alizungumza Kiingereza kwa sauti ya chini, akijisemea zaidi kuliko kusema na mtu. "Nimevuka nusu ya dunia kuja kuwaaibisha wazee wangu." Maneno hayo yalimwingia Damaris mahali pabaya, na yakakaa huko mpaka asubuhi.

Ijumaa, kabla ya chai, alijifungia stoo ya nguo akampigia Risper.

"Fumba domo lako hilo!" Risper alimkata hata kabla hajamaliza. "Jumatano unapanda ndege, Damaris! Siku tano! Umevumilia miaka mitano, siku tano zinakushinda? Ukimwonyesha yule madam kwamba una kitu kichwani, umekwisha. Hiyo viza hutaiona."

"Risper, wanasema walikuwa na nguvu tu."

"Na wewe yakuhusu nini? Ni watu wako?"

"Si watu wangu. Lakini mama yangu ametwanga mpunga miaka hamsini. Kwa hiyo na yeye ni nguvu tu? Hana kichwa?"

Unaweza kumshtaki Risper kwa mengi, ila moyo anao. Mwishowe alisema, "Mimi sijakushauri. Likikuharibikia, usinipigie kunililia." Kisha akaongeza haraka, "Nipigie tu."

Damaris alichukua birika, akapiga moyo konde, akaingia sebuleni walikokaa Bi Joy na madam. Aliweka birika mezani na hakuondoka. Akaanza kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, kilichokuwa kimelala miaka mitano bila kuamshwa.

"Bi Joy, mkono wako ni sawa. Mpunga ndio umekauka kupita kiasi. Ule ulioanikwa juani uache, umeshapasuka kwa ndani, hautengenezeki. Chukua wa stoo, ule wa mashuke yaliyoning'inizwa kivulini. Tutandike mkeka juu ya mchanga uliolowa, tumwage mpunga juu ya mkeka, tufunike na magunia mabichi yaliyokamuliwa vizuri. Maji yasiuguse. Uvute unyevu polepole mpaka kesho asubuhi. Halafu utwange."

Kikombe cha madam kilisimama hewani. "Damaris? Wewe?"

"Ndiyo, madam."

"Si ulisema umetoka Nairobi?"

"Nilisema uongo, madam. Nimetoka mtoni, kwa wakulima wa mpunga. Mama yangu ni fundi."

Bi Joy alikuwa ameshasimama anatafuta viatu vyake.

Alasiri yote waliitumia hifadhini. Damaris alipukuchua mpunga kwa nyayo, akaloanisha mchanga, akapima magunia kwa shavu lake kama anavyofanya mama yake, hili bado, hili limetosha. Alitoa amri, na vijana wa hifadhi wakakimbia. Reuben aliegemea gari macho yamemtoka.

"Kumbe wewe ni injinia, dada!" alisema. "Na zile chapati zote nilizokula zimeungua, ilikuwa makusudi?"

"Zote."

"Mungu anakuona, Damaris."

"Ananiona. Lete gunia jingine."

Alikuwa na hofu, ndiyo, hofu ya viza. Lakini alikuwa na furaha pia, furaha ya mtu aliyevua kiatu kilichombana miaka mitano.

Jumamosi wageni walijaa. Wakubwa wa ofisi, walimu, kina mama na watoto wao, na yule mhandisi mbele kabisa. Bi Joy alieleza habari za wazee wake kwa Kiingereza, na Madam Nuf akatafsiri kwa Kiarabu kwenye kipaza sauti, sentensi baada ya sentensi. Kisha Bi Joy akashika mchi mmoja, na wa pili akamnyooshea Damaris.

Hapo hapakuwa tena na pa kujificha. Damaris alikunja mikono ya gauni lake la kazi, akasimama upande wa pili wa kinu. Hawakuwa wamefanya mazoezi. Bi Joy akashusha, Damaris akashusha, Bi Joy, Damaris, michi inapokezana bila kugongana, mmoja kajifunza Carolina na mwingine Ngao, na mdundo ni uleule. Watoto wakaanza kupiga makofi kuufuata. Bi Joy alicheka kwa sauti, Damaris naye akacheka, na hakuna aliyepunguza mwendo.

Bi Joy akapepeta. Pumba zikaruka na upepo. Uteoni mchele ukabaki mweupe, mrefu, mzima. Watu walisogea. Mhandisi aliuchukua mkononi, akautandaza kiganjani, akautafuta uliovunjika, akatafuta tena. "Mzima," alisema mwishowe, na tumpe haki yake, alilisema kwa nguvu watu wote wasikie. Damaris hakuweza kujizuia, akapiga kigelegele cha kwao cha harusini. Kina mama wa Kisaudia nao si hodari wa vigelegele? Wakaitika, bonde zima likalia, na yangeyange wakaruka wote.

Madam Nuf alikuwa na machozi ya furaha. Alishika kipaza sauti, akamshika Damaris begani. "Huyu ni wa nyumbani kwangu!" alitangaza. "Miaka mitano nimekaa na hazina bila kujua. Alikuwa aondoke Jumatano, lakini sasa haendi popote. Nitamwongezea miaka miwili, awafundishe watoto wetu hapa kila wiki!"

Watu wakapiga makofi. Kwa Damaris makofi yale yalikuwa yanapigwa juu ya macho ya mama yake. Risper alimwambia, na Risper hakukosea hata neno moja.

Bi Joy aliona uso wake. "Amesema nini?" alimnong'oneza. Damaris akamwambia, kwa ufupi. Bi Joy alikwisha kujua habari za Jumatano na za mama wa Damaris, walikuwa wamezungumza siku iliyotangulia wakitandaza mpunga juu ya mkeka. Bi Joy alifuta mikono yake, akaomba kipaza sauti, akamwomba na madam atafsiri.

"Nyanya wa nyanya yangu aliitwa Binah," alisema, na madam akatafsiri. "Alikuwa bingwa wa kinu shambani kwao." Madam akatafsiri, anatabasamu. "Wenzake waliruhusiwa siku moja moja kwenda shamba la pili kuwaona mama zao. Yeye hakuruhusiwa hata mara moja." Madam akatafsiri. "Bwana wake alimpenda sana. Alimsifu mbele ya wageni. Kosa lake lilikuwa kwamba alijua mno, na kwa hiyo hakuachiwa."

Madam alianza kutafsiri. Alifika katikati akanyamaza. Watu walidhani kipaza sauti kimezimika. Fundi alikimbia kukagua waya. Madam akarudi mwanzo wa sentensi, akaisema yote mpaka mwisho kwa mdomo wake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa si ile ya mwanzo.

Damaris hakungoja apewe nafasi. Alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti, akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, kilichopindapinda lakini kila mtu alikielewa.

"Jina langu Damaris Komora. Hii kazi nimefundishwa na mama yangu, Rahel Komora wa Ngao, Kenya. Yuko hai. Amechoka macho. Jumatano naenda kumwona." Akamtazama madam. "Madam, umekuwa mwema kwangu. Lakini mkataba halas, umekwisha. Naenda."

Akakirudisha kipaza sauti mikononi mwa madam. Alikuwa hajawahi kulisema jina la mama yake mbele ya watu wengi namna ile, na aliona limependeza, limemtosha mama yake.

Madam Nuf aliwakaribisha wageni kwenye kahawa na tende, sherehe ikaendelea, watu wakatawanyika vivulini. Bi Joy akazingirwa na walimu. Damaris alibaki peke yake karibu na kinu, akikusanya pumba, asijue kama amejiokoa au amejimaliza.

Aliposikia hatua akageuka. Madam alikuwa amekuja peke yake. Alivua pete zake akazitia mfukoni, akakunja mikono ya abaya yake, akauchukua mchi. Akaupiga kinuni kwa nguvu zake zote. Punje zikaruka mpaka kwenye viatu.

"Unauponda," Damaris alisema. Miaka mitano hakuwahi kumwambia madam kwamba amekosea. "Usitumie nguvu. Uachie ushuke wenyewe. Ukifika chini, pinda kifundo. Hivi."

Alimshika mkono akampinda. Madam akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Jasho lilimtoka usoni. Akajaribu mara nyingi kuliko Damaris alivyotarajia, na mwishowe mchi ukashuka na ule mlio wake mzuri, mzito, wa punje zinazosuguana.

"Sasa," Damaris alisema. "Hivyo hivyo."

Madam akaendelea kutwanga. Kisha, bila kuinua macho kutoka kinuni, akauliza, "Na nikikosea, wewe umeshaondoka, nitamuuliza nani?"

Damaris aliyasikia hayo maneno, wewe umeshaondoka, akayasikia vizuri, na machozi yakamjia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Utapiga simu Ngao, madam," alisema. "Uombe kuzungumza na fundi. Mimi nitapokea, nimpe mama."